Udi na Siki

Mwezi wa Januari uliopita, asubuhi ya siku ya Jumanne, gari la matangazo lilipita polepole katika mtaa wetu wa Kariakoo, likipenya kwa taabu baina ya mikokoteni, bodaboda na marobota ya vitenge yaliyokuwa yakishushwa njiani, na kipaza sauti chake kikawaita wanawake waliotimiza umri wa miaka 30 waende wakapimwe saratani ya mlango wa kizazi, bila ya malipo, na majibu wakapewa hapo hapo. Nilikuwa nimeketi dukani kwa binti wa kaka yangu, naye alikuwa akikunja vitenge na kuvipanga kwa rangi zake. Ana miaka 36, ana watoto watatu, na alhamdulillahi ana siha njema. Nikamwuliza kama amesikia. Akanijibu bila ya kuinua macho: "Nimesikia Shangazi, lakini nikapime nini na mimi siumwi?"

Sikumjibu papo hapo. Neno lile lilinirudisha nyuma takriban miaka 40, mpaka katika nyumba ambayo haikuwa mbali na duka lake, nilikolisikia mara ya kwanza kutoka katika kinywa cha mtu mwingine niliyempenda, na kisha nikashuhudia kwa macho yangu lilikomfikisha.

Nimezaliwa Kariakoo mwaka 1970, katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma, mahali ambapo hivi leo pamesimama ghorofa na fremu za maduka. Aliyenilea pamoja na mama yangu ni mama mkubwa, dada yake mama wa tumbo moja, mjane aliyekuwa akiuza viungo na achari katika soko kuu, lile jengo lililobuniwa na Beda Amuli na kumalizika mwaka 1975, lenye mapaa ya zege mfano wa miavuli. Chini ya kitanda chake mlikuwa na mitungi ya achari ya maembe na ya ndimu, na ukutani, juu ya ubao, chupa za siki zimepangwa kwa safu, kwa kuwa hakuridhika na siki ya mtu mwingine ila ile aliyoionja mwenyewe.

Katika mwaka wa 1987 mama mkubwa alianza kufukiza udi kuliko desturi yake. Zamani chetezo kilikuwa kikitoka siku ya Alhamisi jioni, kuukaribisha usiku wa Ijumaa. Sasa kikawa kinatoka kila asubuhi, halafu asubuhi na jioni, na mwishowe kikawa hakiondoki mlangoni kwake. Sisi vijana wa nyumba hatukuona ajabu, maana mtu mzima kuzidisha usafi na ibada ni jambo la kusifiwa. Mama yangu ndiye aliyeanza kumwangalia kwa jicho jingine, akamwuliza siku moja uani walipokuwa wakichambua mchele: "Dada, una nini?" Naye akasema: "Siumwi, mdogo wangu. Ni uchovu wa soko tu."

Wala hakusema uongo. Hapakuwa na mahali palipomwuma. Lakini asubuhi moja, kabla ya kwenda shule, niliingia bafuni nikakuta karai la bati limefunikwa kwa sahani, nikafunua. Ndani yake mlikuwa na kanga yake moja imelowekwa, na maji yake yamegeuka rangi ya chai ya mkandaa, na harufu iliyopanda pale ilikuwa ni ile ile ambayo udi ulikuwa ukipigana nayo miezi yote ile. Mama mkubwa alikuwa na umri wa miaka hamsini na kitu, na hedhi yake ilikuwa imekoma zamani. Alitokea nyuma yangu, akanipokonya ile sahani, akaniambia kwa upole kabisa: "Nenda shule, mwanangu." Nikaenda. Nilikuwa na miaka 17, sikumwambia mtu, na hadi leo sijaisahau asubuhi ile.

Yaliyofuata nayaeleza kwa ufupi, maana kila nyumba ya pwani inayajua. Aliandikiwa kombe akanywa. Akapelekwa kwa mtu wa dawa za mitishamba, akarudi na mizizi ya kuchemsha. Ilipofika siku ambayo hakuweza tena kusimama sokoni, ndipo alipopelekwa hospitali, na tabibu aliyempima alitoka akamwita mama yangu kando ya ukuta. Baada ya hapo akapelekwa Ocean Road.

Vijana wa sasa yawapasa waelewe uzito wa maneno hayo mawili katika mji wetu wa zama zile. Majengo yale meupe ya ufukweni, yenye mivinje ikivuma mbele yake, yalijengwa na Wajerumani katika miaka ya 1890, yawe hospitali ya Wazungu. Na katika miaka ya 1980 ndiko wagonjwa wa saratani walikokuwa wakipelekwa kupigwa mionzi. Watu wa Kariakoo walikuwa hawalitaji jina la maradhi. Walisema tu, "Amepelekwa Ocean Road," na msikilizaji akainamisha kichwa, akasema "Mungu amsaidie", na mazungumzo yakaishia hapo, kana kwamba maiti imekwisha kutolewa. Sababu ya hofu ile ilikuwa wazi: watu walifika wakiwa wamechelewa, wakafa, na wale waliobaki wakajifunza kwamba kwenda kule ni kufa, basi nao wakazidi kuchelewa.

Mama mkubwa alifariki mwezi wa Agosti mwaka 1988. Mara ya mwisho nilipokwenda kumwangalia, upepo wa kusi ulikuwa ukiingia kwa nguvu madirishani, naye akanishika mkono akasema maneno ambayo niliyaelewa nilipokuwa mtu mzima: "Kumbe mtu aweza kuwa mgonjwa na asiumwe."

Hilo ndilo somo lenyewe, na alilipata kwa thamani ya roho yake. Wahenga waliotuletea neno saratani walilitoa katika Kiarabu, na huko maana yake ni kaa, yule yule wa pwani, ambaye ni jina pia la buruji katika elimu ya falaki. Na matabibu wa Kiyunani waliotangulia waliliita gonjwa hili kwa jina la kaa vile vile, kwa jinsi uvimbe ulivyoshika nyama kwa makucha. Lakini walikuwa wakimtaja kaa aliyekwisha kuota makucha. Hawakuwa na njia ya kumwona alipokuwa mdogo. Elimu ya zama zetu imeona: maradhi haya ya mlango wa kizazi husababishwa na virusi viitwavyo HPV, ambavyo huenezwa kwa kujamiiana na huwapata watu wengi mno, wake kwa waume, na aghalabu mwili huvifukuza wenyewe katika muda wa mwaka mmoja au miwili. Kwa wanawake wachache vinabaki. Na pale vinapobaki, huanza kuzigeuza chembe za mwili kidogo kidogo, kazi inayochukua, kwa mwanamke mwenye kinga timamu, miaka 15 hata 20 kabla ya kuwa saratani. Mwanamke anayeishi na virusi vya UKIMWI muda wake ni mfupi zaidi, na hatari yake ni mara sita ya mwenzake.

Miaka 15! Fikiri, msomaji, ni adui gani mwingine anayekupa muhula wa namna hiyo. Mama mkubwa alipokuwa akinifundisha kufunga kanga, akinipeleka chuoni, akigombana na wachukuzi wa mizigo pale Shimoni, sokoni, maradhi yalikuwa tayari yamo njiani, nayo yangaliweza kuondolewa kwa siku moja, lau kungalikuwa na mtu wa kutazama. Maumivu ndiyo huja mwisho. Sisi tumelelewa kuyafanya kuwa mwanzo.

Haimaanishi kwamba kila saratani inakubali kuviziwa hivi. Mwezi wa Oktoba mwaka 1999, tulipojipanga barabarani kwa maelfu kuupokea mwili wa Baba wa Taifa uliorudishwa kutoka London, nchi nzima ilikuwa imekwisha kusikia kwamba ni saratani ya damu. Na watu wakaulizana katika mabaraza kwa nini haikuonekana mapema. Kwa maradhi yale hakuna foleni ya kupimwa watu wazima wasio na dalili, na kusema vinginevyo ni kuwadanganya watu. Lakini nakumbuka kwamba katika majuma yale ndipo nilipolisikia jina la saratani likitajwa kwa sauti barazani kwetu na wazee ambao kabla ya hapo wasingethubutu, na kwa hilo msiba ule ulitufungua midomo. Miaka michache baadaye, mwaka 2005, madaktari wanawake wa chama cha MEWATA wakaanzisha kampeni ya kuwapima akina mama saratani ya matiti hapa Dar es Salaam, na wanawake waliojitokeza wakawa wengi. Walikuwa wakingoja kuitwa tu.

Mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kujaribu kupimwa kabla ya hapo, na jaribio hilo lilinirudisha nyuma miaka kumi. Mwaka 2001, nikiwa na miaka 31, na kaburi la mama mkubwa likiwa moyoni mwangu, nilikwenda katika kituo kimoja cha matibabu cha mjini nikaomba kipimo cha Pap. Hicho ni kipimo kilicholetwa na Papanicolaou, Mgiriki aliyefanya kazi New York, na tangu miaka ya 1940 kimewaokoa wanawake wasiohesabika katika nchi zenye maabara nyingi: chembe hupanguswa kutoka katika mlango wa kizazi, hupakwa juu ya kioo, kisha bingwa huzisoma kwa darubini. Nikaambiwa nirudi baada ya wiki sita. Nilirudi, majibu hayapo. Nikarudi tena, hayapo. Mara ya tatu karani alipitisha kidole chake katika daftari kuanzia juu mpaka chini, akageuza ukurasa, akasema jina langu halimo, na kwamba nikipenda nipimwe upya.

Sikupenda. Nakiri kosa langu, kwa kuwa nilijua kuliko wengi ni nini kinachoniwinda. Lakini nasema pia kwamba mwanamke anayeacha biashara yake, akavua nguo mbele ya mgeni, akashinda haya yake, kisha akarudishwa mara tatu mikono mitupu, amefundishwa asirudi. Kupima bila ya kurudisha jibu ni dhuluma, hata pasipokuwa na mtu aliyekusudia kudhulumu. Mabingwa wa kusoma vioo vile walikuwa wachache katika nchi yetu, nao bado hawatoshi. Na kipimo kinachomtegemea mtu asiyepatikana, hata kiwe kizuri namna gani, huishia katika daftari.

Basi mwaka 2011 niliposikia redioni kwamba Ocean Road wanapima kwa njia nyingine yenye kutoa jibu papo hapo, nilijikaza nikaenda. Taasisi ile ilikuwa imekwisha kupewa mamlaka yake yenyewe kwa sheria ya mwaka 1996. Mimi nilikuwa na sheria yangu moja tu, kwamba nisigeuke nyuma langoni. Miguu ilinitetemeka. Niliketi katika benchi pamoja na wanawake wengine, na jirani yangu, mama mmoja mwenye makamo, alikuwa amepakata kikapu cha ukindu. Akanieleza kwa kunong'ona kwamba nyumbani ameaga anakwenda Feri kununua samaki, na kwamba akitoka hapa atapita kweli Feri akanunue, asiwe amesema uongo. Sote benchini tulikuwa wazima. Sote tulikuwa tumejificha kama wenye kosa.

Muuguzi alikuwa binti mdogo, mpole, akinieleza kila jambo kabla ya kulitenda. Akasema atatazama kwa taa, kisha atapaka siki. Nikamwuliza, "Siki ipi, mwanangu?" Akasema: "Siki hii hii ya jikoni, mama, ila yetu imepimwa nguvu." Nikageuza uso ukutani, machozi yakanitoka, na yule binti akadhani ameniumiza.

Siki hiyo ina nguvu ya asilimia 3 hadi 5. Hupakwa kwa pamba, hungojwa dakika moja, na pale penye chembe zilizoanza kugeuka ngozi huonyesha baka jeupe, kwa kuwa chembe hizo zimejaa protini ambayo siki huigandisha. Palipo salama pakabaki na rangi yake. Hakuna maabara, hakuna kioo, hakuna daftari la wiki sita. Mjini Mumbai, mji ambao wafanyabiashara wa Kariakoo wameujua tangu zama za majahazi, madaktari wa Tata Memorial waliwafuatilia wanawake wapatao 150,000 wa mitaa ya kimaskini, na palipokuwa pakipimwa kwa siki na watumishi wa afya wa kawaida vifo vya saratani hii vilipungua kwa asilimia 31. Chupa zile zilikuwa ukutani juu ya kitanda cha mama mkubwa. Katika mwaka wa 1987 hakuna mtu wa nyumba yetu aliyeweza kujua zingemfaa nini, na simlaumu mtu. Lakini nimezifikiria chupa zile mara nyingi.

Kwangu mimi baka lilionekana. Yule binti alimwita mwenzake, wakatazama tena, wakanieleza kwamba hii siyo saratani, ni njia ya kuiendea, na kwamba wanaweza kuifunga siku ile ile kwa ubaridi wa gesi. Ncha ya chuma iliwekwa pale, ikagandisha dakika 3, ikaachwa dakika 5, ikagandisha dakika 3 tena. Nilisikia maumivu mfano wa siku za kwanza za hedhi, si zaidi. Nikapewa kitambaa, kadi, na maagizo: majimaji yatatoka kwa wiki kadhaa, na kwa muda wa mwezi mmoja nisikutane na mume wangu. Nilipomweleza mume wangu, alikaa kimya sana, kisha akauliza, "Ni maradhi gani haya yasiyokuuma?" Nikamsimulia habari ya karai la bati. Mwaka uliofuata ni yeye aliyenikumbusha tarehe ya kurudi. Nikakutwa safi.

Haya yote niliyawaza pale dukani, na gari la matangazo lilikuwa limekwisha kupotea kuelekea Msimbazi. Kumsimulia binti wa kaka yangu habari ya mama mkubwa nisingeweza, kwa kuwa amekwisha kuisikia mara nyingi na hadithi ya msiba humtia mtu hofu kabla ya kumpa hima. Nikamwuliza jambo jingine. Mwaka 2024, serikali ilipoanza kutoa chanjo ya HPV kwa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, baada ya kuwa imeianzisha nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, binti yake mkubwa alikuwa darasani, na ndugu zetu wengine wakamwonya kwamba chanjo ile inafunga kizazi. Yeye hakuwasikiliza. Aliuliza, akapata maelezo, akaridhia mtoto achanjwe. Nikamwambia: "Mwanao ulimpeleka achanjwe. Alikuwa anaumwa?"

Akaacha kukunja kitenge.

Akaniambia ukweli, na ukweli wenyewe haukuwa katika lile neno siumwi. Anaogopa chombo cha chuma. Anaona haya. Na fauka ya hayo, akifunga fremu saa mbili za asubuhi, wateja wa kutoka mikoani watanunua kwa jirani na hawatarudi. Hofu na haya zina dawa: mpimaji mwanamke, maelezo kabla ya kila tendo; na tangu mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kipimo cha kutafuta virusi vyenyewe, ambacho mwanamke aweza kujichukulia sampuli mwenyewe pasipo kuonwa na mtu. Lakini hoja ya fremu nayo ni ya haki, na nairejesha kwa wenye mamlaka. Kwa makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020, zaidi ya wanawake 10,000 wa Tanzania walipatwa na saratani hii katika mwaka mmoja, na zaidi ya 6,000 wakafa. Hakuna saratani nyingine inayoua wanawake wengi hivyo nchini mwetu. Maelfu ya wanawake hushinda Kariakoo kutwa nzima, wauza vitenge, wauza dagaa, mama lishe, wabeba mizigo. Upimaji na uje sokoni, jioni, baada ya mauzo. Na pale unapokuja, mitungi ya gesi ije imejaa, ili yule atakayeonekana na baka asiambiwe arudi mwezi ujao.

Siku ya Alhamisi alifunga fremu. Tulikwenda kwa miguu, tukavuka mtaa wa Lumumba mpaka Mnazi Mmoja penye upimaji, naye njia nzima alikuwa ameshika ncha ya mtandio wangu kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mtoto. Hakuonekana na baka. Kadi yake imeandikwa arudi baada ya miaka 3, ameiweka katika droo ya fedha pamoja na leseni ya biashara. Na Jumatatu iliyofuata alifunga tena, akamsindikiza jirani yake wa fremu ya pili, mwuza viatu wa miaka 41, ambaye alikuwa hajapata kupimwa hata mara moja.